Kifua cha Swafia

Shianda
Jumapili, 9 Februari 2025

Dadangu Asiya,

Asalaam aleikum kutoka nyumba ambayo bati lake bado linavuja palepale ulipopaacha. Sisi tuko salama. Mama anasema goti lake limepona, halafu akisimama anapiga kelele, kwa hiyo amua mwenyewe. Wifi yako Raisa amefuga kuku kumi na mmoja na ametukataza kuwatazama kwa macho ya njaa, hasa mimi. Tariq wangu amenipita urefu akiwa na miaka kumi na mitatu tu. Siku hizi akiniamkia anainama kidogo, na jambo hilo linanichoma kuliko anavyojua.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ninayo. Shida ni kwamba simu yangu ina bosi, na bosi mwenyewe ni binti yako. Tangu niikalie miwani yangu, Swafia ndiye anayenisomea ujumbe, na ukinipigia anakuja kuketi karibu kama karani. Jambo la leo linamhusu yeye. Kwa hiyo nimevaa miwani ya Mama, ninaandikia juu ya cherehani, na barua nitaipeleka posta kwa mkono wangu. Wewe pia nijibu kwa sanduku la posta la msikiti, usiguse simu.

Swafia hajambo. Miaka minne tangu uniachie, uende kazi ya Turkana, na sijawahi kumwona akilala njaa hata siku moja. Anakula vizuri, analala vizuri, mashavu yake unayaona kwenye picha.

Sasa kuna kajambo kadogo. Shuleni wameletewa mwalimu mpya wa michezo, Mwalimu Rosebella, mwanamke mwembamba ambaye hata akienda ofisini anakimbia. Ameniita na kuniuliza kwa nini Swafia hukaa kwenye benchi kila kipindi cha michezo na kulinda masweta ya wenzake. Nikamwambia mtoto ana kifua. Akasema vizuri, basi alete barua ya hospitali. Wewe uko kwenye afya na muhuri unao. Naomba uandike mistari miwili tu, kwamba kifua chake ni dhaifu, asikimbizwe. Mistari miwili, dadangu, siombi kitabu.

Mama anauliza utakuja lini.

Ni mimi kaka yako, niliyevaa miwani ya Mama,
Ayub


Lodwar
27 Februari 2025

Kaka Ayub,

Aleikum salaam. Barua yako imechukua siku kumi na mbili njiani na imefika ikiwa na doa la mafuta kwenye kona. Nimelinusa. Ni mandazi, usibishane nami.

Mimi ni mzima. Joto la huku limenikausha mpaka wenzangu wa Lodwar wananiambia angalau sasa nafanana na watu. Kazi ni ileile: asubuhi tunaning'iniza mizani kwenye mti, kina mama wanapanga foleni, tunapima watoto mmoja mmoja na kuwapa chakula cha dawa wale waliokonda. Nimeambiwa nimekuwa mkali. Nadhani nilikuja nikiwa hivyo.

Msalimie Mama, mwambie akande goti kwa maji ya moto. Raisa mwambie awafungie kuku kwa kufuli.

Ayub, kifua gani?

Mtoto huyu nilimzaa mimi. Nilimnyonyesha miaka miwili, na mafua yake yote nayajua kwa majina. Kama anaumwa, mbona sijaambiwa? Na kama haumwi, barua ya hospitali ni ya nini? Muhuri wangu siuweki mahali nisipopajua, hata akiomba kaka yangu, na hasa akiomba huku akisema ni kajambo kadogo. Nimekujua tangu ulipochoma jiko la Mama ukaniambia ni kamoto kadogo.

Fanya hivi. Mpeleke zahanati apimwe uzito na kimo. Kiuno mpime wewe, futi ya ushonaji inakuning'inia shingoni kutwa nzima. Uniandikie anaendaje shule, na akirudi anafanya nini mpaka alale. Ukweli mtupu.

Na kiuno chako pia ukipime.

Dada yako,
Asiya


Shianda
23 Machi 2025

Dadangu,

Ramadhani karim. Nimechelewa kujibu. Ningesema ni kwa sababu ya mfungo, lakini mfungo haujawahi kumzuia mtu kushika kalamu, basi niseme tu kwamba niliogopa.

Kwanza habari. Mama anafunga, tumemkataza na hasikii. Kuku mmoja ametoweka na wote wananitazama mimi. Nimefunga siku ishirini na mbili na nimeongezeka. Raisa anasema sifungi mchana, najiandaa tu kwa jioni. Kiuno changu nilikipima nikiwa nimevuta pumzi, nikapata inchi arubaini na mbili. Nilipoachia pumzi sikuitazama tena futi.

Swafia ana kilo hamsini na sita na kimo cha sentimita mia moja arubaini na mbili. Muuguzi wa zahanati alitazama karatasi, akamtazama mtoto, halafu akanitazama mimi kwa muda mrefu zaidi. Alisema uzito umezidi umri na kimo chake, umezidi sana, na akauliza anacheza mchezo gani. Nikakohoa.

Kusema kweli sikuhitaji kwenda zahanati. Mimi ni fundi. Sare yake nimeifumua mishono mara tatu tangu Januari ya mwaka jana, na mara ya nne nikaongeza kipande cha kitambaa kwapani. Raisa alipouliza nikamwambia vitambaa vya siku hizi vinarudi vikifuliwa. Nilisema hivyo na futi iko shingoni.

Shule anaenda kwa pikipiki ya Osiako, asubuhi na jioni, ingawa si mbali na Tariq huenda kwa miguu. Akirudi anapewa chai na mandazi, soda ikiwepo anapewa soda, halafu anakaa na simu yangu au mbele ya televisheni mpaka obusuma isongwe na kuiva. Hateki maji. Hafagii. Mtungi hauguswi na mkono wake. Ukimtuma dukani, Raisa ananiangalia, nami namtuma Tariq.

Na kifua hana.

Barua ya kwanza ya kifua niliiandika mimi miaka miwili iliyopita. Ilikuwa siku ya michezo. Swafia alianguka uwanjani, goti likachubuka, akarudi nyumbani akipitia sokoni na damu imemshuka hadi kwenye soksi, na alikuwa anacheka. Nilikuwa kwenye kibanda changu. Mama Mitchel, yule anayeuza mboga mkabala na mimi, akapaza sauti soko zima lisikie: "Ayub! Huyu si ndiye mtoto wa Asiya? Kwani nyinyi hamumwangaliangi?" Watu wakageuka. Wengine walikuwa na suruali zao kwangu. Nilisikia aibu, Asiya, aibu ya kweli. Usiku huo nikamwandikia mwalimu aliyekuwepo kwamba daktari amesema mtoto ana kifua kidhaifu, asikimbie. Daktari huyo ndiye mimi, na cheti changu ni cha ushonaji.

Sasa unajua yote.

Hukujibu swali la Mama.

Kaka yako,
Ayub


Lodwar
12 Aprili 2025

Ayub,

Salamu kwa Mama na kwa Raisa. Idd niliisali kazini.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka kwenye ile habari ya kitambaa kinachorudi. Mara ya tatu sikucheka.

Nimekukasirikia na nataka ujue. Mtoto mzima ulimpa ugonjwa kwa kalamu. Alianguka akarudi anacheka! Hapo ndipo ulipopaswa kumpaka dawa na kumrudisha uwanjani.

Halafu nimejikasirikia mimi. Kazini tuna utepe wa kupima mkono wa mtoto, wenye rangi tatu. Nyekundu, mtoto yuko hatarini. Manjano, mwangalie. Kijani, mshukuru Mungu. Kila ukinitumia picha ya Swafia nilikuwa nikiwaonyesha wenzangu na kusema, tazameni, huyo wangu ni kijani kabisa. Kwenye mlango wa ofisi yangu kumeandikwa Lishe. Afisa wa lishe mzima, miaka miwili nimetazama picha za mashavu tu, na sikuwahi kuuliza kwa nini hazina miguu. Ningekuwa mama mwingine anayekuja mbele yangu ningejisema vibaya sana.

Uzito huo, akiachwa akue nao bila kutingisha mwili, utamletea sukari na presha kabla hajawa mtu mzima. Siandiki haya kukutisha. Nayaandika kwa sababu najua, na kujua kwangu hakujamsaidia mwanangu hata siku moja.

Sasa nijibu swali moja. Nani alikuambia mtoto wangu hagusi mtungi? Tariq anateka, watoto wote wa Shianda wanateka. Nani alisema Swafia awekwe kama chombo cha kabatini? Usiponijibu, muhula ujao ukiisha nitakuja kumchukua aishi nami huku.

Asiya


Shianda
11 Mei 2025

Dadangu,

Asalaam aleikum. Mvua ni nyingi, miwa imeota mpaka karibu na choo. Mama hajambo. Kuku aliyetoweka amerudi na vifaranga tisa, na hakuna hata mtu mmoja aliyeniomba msamaha.

Swali lako nimelisoma. Silijibu. Ukitaka kumchukua mtoto ni wako, sitaushika mlango, lakini nakuomba usimchukue. Nimemzoea. Nyumba ikikosa sauti yake akinisomea ujumbe wa watu wanaodai suruali zao, sijui nitakaaje.

Ngoja nikueleze nilivyojaribu kutengeneza nilichoharibu. Niliandika ratiba. Baada ya swala ya alfajiri, mimi na Swafia, kuruka kamba nje ya nyumba, dakika kumi. Nikanunua kamba ya katani. Yeye akakaa kwenye ngazi akisema hawezi. Nikamwambia tazama mjomba wako, na nikaanza. Niliruka mara nne. Mara ya tano suruali ilipasuka nyuma, kuanzia kwenye mkanda hadi mahali nisipoweza kuandika. Suruali niliyoshona mwenyewe! Wanawake wawili waliokuwa wakienda kusaga mahindi waliona kila kitu. Mmoja alikuja kibandani mchana kuchukua kitambaa chake, akasema amebadilisha mawazo kuhusu gauni.

Swafia alicheka mpaka akateleza kwenye ngazi. Alicheka kwa muda mrefu, na mimi nikafurahi, nikasema angalau anatingishika. Halafu akanyamaza ghafla. Akashika kifua kwa mikono miwili, na uso wake ukabadilika.

Akaniambia, "Mjomba, nimehema sana. Niitie Kukhu." Alimtaka bibi yake.

Nikamwambia ni kicheko tu. Akasema, "Hapana. Mimi nikihema sana kifua itafunga. Nitakufa. Si ni wewe uliambia mwalimu?"

Nikamuuliza amekuwa akifikiri hivyo tangu lini. Akanitazama kama nimeuliza jina lake. "Tangu ile barua. Ndiyo maana nalalanga na mito mbili, nisilale chini sana. Na Osiako akienda mbio na pikipiki nafunganga mdomo."

Sisi tulidhani anapenda mito tu. Raisa alimshonea na foronya zenye maua.

Hapo ndipo ningemwambia. Kinywa nilikifungua, Asiya, nakuapia. Nikajisikia nikisema, "Nenda ukapumzike." Akaenda, taratibu, ameshika ukuta. Mtoto wa miaka kumi na mmoja anatembea kama Mama.

Sina la kuongeza. Mimi ni mwoga, na ni mwoga mnene.

Ayub


Lodwar
8 Juni 2025

Kaka yangu,

Asalaam aleikum, na Idd njema iliyopita juzi. Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa chini ya ile mizani. Mama mmoja aliniuliza kama nimefiwa.

Umekataa kunijibu, nami nimejijibu. Ni mimi niliyesema.

Asubuhi ile ninaondoka, begi liko mgongoni, nilisimama uani mbele ya Raisa, Mama Mitchel na wanawake wote waliokuja kuniaga, nikasema kwa sauti ya mtu anayehutubia mkutano: "Mwanangu asije akabebeshwa maji ya mtu." Wewe ulikuwa mlangoni. Kumbe maneno yangu ulikuwa umeyabeba miaka yote hii, na ulipoulizwa ukaona bora utukanwe wewe kuliko kunikumbusha.

Unajua yalikotoka. Nilipopelekwa kwa shangazi kule Khwisero nilikuwa na miaka tisa. Mtungi wa lita ishirini, kilima, mara nne kwa siku, na watoto wake wamekaa wanakula miwa. Shingo yangu mpaka leo ikipigwa na baridi inakumbuka. Niliapa wangu hatabeba. Ningeweza kuapa kwamba wangu atabeba kiasi chake, sawa na watoto wa nyumba atakayokaa. Sikufikiri. Mtu mwenye uchungu hapimi maneno, na mimi kazi yangu ni kupima.

Swali la Mama pia nalijibu sasa. Siji kwa sababu ya Desemba ile ya mwisho nilipokuja, miaka miwili na nusu iliyopita. Swafia aliniletea kiti cha wageni. Akaninawisha mikono, akasema karibu, akakaa mbali na kunitazama nikila, kwa adabu kabisa. Nilikaa siku nne badala ya kumi, nikawaambia nimeitwa kazini. Hakuna aliyeniita. Nililia njia nzima mpaka Kitale, abiria wa pembeni akaninunulia maji. Tangu siku hiyo nimekuwa nikituma vitu badala ya kuja.

Simchukui. Nakuja tarehe mbili Agosti, shule zikifungwa. Lakini usinisubiri. Mwambie. Mwambie hana kifua, mwambie ni uongo na ni wako, na neno langu la uani pia liweke humo humo. Kila usiku anaolala kwenye mito miwili akiogopa, tunamwogopesha sisi wawili.

Baada ya hapo, ratiba yako itupe. Mtoto anachohitaji ni kama saa moja kila siku ya kutingishika mpaka atoke jasho, na si lazima iwe kwa mkupuo mmoja. Aende shule kwa miguu na Tariq. Acheze mchezo wa kati na wenzake, aruke kamba akitaka mwenyewe. Ateke maji kwa mtungi mdogo unaomfaa, zamu kwa zamu na Tariq. Soda na mandazi ya kila siku yaondoke kwa nyumba nzima, wewe ukiwa wa kwanza, asije akawa yeye peke yake anayenyimwa akitazama wengine. Televisheni ipungue kwa wote. Na neno mnene lisisikike hapo, hata kwa mzaha, hata ukijisema mwenyewe. Hatumkondeshi. Bado anarefuka, na tukimwacha acheze mwili utajipanga wenyewe.

Naogopa, Ayub. Naogopa atatuchukia. Mwambie hivyohivyo.

Asiya


Shianda
Jumapili, 20 Julai 2025

Dadangu Asiya,

Wa aleikum salaam. Mama amesikia kwamba unakuja na ameanza kufagia mahali palipofagiliwa. Raisa amekutengea jogoo, ingokho mkubwa kuliko wote, na ameniambia nikimsogelea atanitengea mimi.

Barua yako nilikaa nayo wiki nzima mfukoni. Nilifanya mazoezi ya maneno nikishona. Nilimshonea mteja kola ya shati nje ndani kwa sababu nilikuwa ninahutubia cherehani. Mwisho Raisa akasema, "Ama umwambie leo, ama nimwambie mimi na nimwambie yote ninayoyajua juu yako tangu tuoane." Hiyo ilikuwa Ijumaa, tarehe ishirini na saba Juni. Nikamwita Swafia kibandani, nikamketisha kwenye kiti cha wateja.

Nikasema, "Huna kifua."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Niliandika uongo."

"Daktari alisema."

"Hapakuwa na daktari. Ni mimi."

Akauliza kwa nini. Nikamweleza goti, na soko, na Mama Mitchel, na kwamba niliogopa watu waseme simtunzi mtoto wa dada yangu. Nikamweleza na neno lako la uani, na shingo yako, na Khwisero. Nikamwambia mama yako anaogopa utatuchukia. Alisikiliza yote huku akiokota pini moja moja na kuzichomeka kwenye kimto cha pini, mpaka zikaisha. Halafu akasema, "Mimi nilikuwa naogopa kufa. Wewe ulikuwa unaogopa Mama Mitchel."

Akashuka kwenye kiti cha wateja, akaondoka.

Kwa siku nne hakuongea nami. Ujumbe wangu alinisomea, maana adabu anayo, lakini alisoma kama mtu wa redio na kuiweka simu chini. Siku ya tano nilienda shuleni na barua ya kukanusha barua. Mwalimu Rosebella aliisoma amesimama. Akasema, "Nilijua tangu wiki ya kwanza. Mtoto mgonjwa hakasirikangi hivyo mpira ukipotezwa." Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema alitaka kuona nitaleta hospitali gani. Jioni hiyo nilimwomba Swafia msamaha tena, mbele ya Mama na Tariq, na akasema amesikia. Hakusema amesamehe. Nimeipokea hivyo hivyo.

Sasa anaenda shule kwa miguu na Tariq. Wiki ya kwanza nami nilienda nao kumtia moyo. Walikuwa wakinisubiri kwenye kila kona, na kona ya tatu walinishauri nirudi. Siku hizi natembea peke yangu, mpaka kwa mwenye mashine ya kusaga na kurudi, na nikirudi sizungumzi na mtu. Soda hakuna nyumbani. Mimi ndiye niliyelia zaidi. Maji wanateka kwa zamu, na Swafia ana mtungi wake wa lita tano. Siku ya kwanza Mama Mitchel alifungua kinywa aseme neno. Mtoto akamwamkia, akampita.

Lakini kucheza hakucheza. Hofu yenyewe haikutoka siku niliyoitoa mimi. Alikuwa akisimama pembeni ya uwanja, karibu kabisa na mstari, na hauvuki. Mwalimu hakumsukuma.

Alhamisi iliyopita niliitwa shuleni kupeleka fulana za timu nilizoshona. Wasichana walikuwa wanacheza kati. Wawili wanarusha mpira, mmoja huku mmoja kule, na walio katikati wanaukwepa. Nilimtafuta Swafia pembeni nisimwone. Alikuwa katikati.

Aliukwepa mpira wa kwanza. Akakwepa wa pili kwa kuinama, na wa tatu kwa kukimbia hatua kumi hivi, kukimbia kwenyewe, Asiya, mikono inarushwa huku na huku. Wenzake walikuwa wanapiga kelele. Mpira wa sita au wa saba akasimama. Akaweka mkono kifuani. Nilimwona anahema, mabega juu, mabega chini, na amefunga macho. Msichana mwenye mpira akaacha kurusha. Mwalimu Rosebella akapiga hatua moja, akajizuia. Nilikuwa nimezikumbatia fulana za watu. Nilijua anachofanya. Alikuwa anangoja kifua kifunge.

Alingoja muda mrefu. Hakikufunga.

Akafumbua macho, akawatazama wenzake. Mmoja ameinama ameshika magoti, mwingine amekaa kwenye nyasi mdomo wazi, wote wanahema kama yeye. Aliwatazama mmoja mmoja. Halafu akaniona, akaja mpaka kwenye mstari nilipo. Jasho linamtiririka mpaka kidevuni, na ilikuwa mara ya kwanza tangu ile Ijumaa kuniita kwa hiari yake.

"Mjomba," akasema, bado anahema, "kumbe watu wote wanahemanga hivi?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akasubiri aone kama nina uhakika, nikaitikia tena, na alikuwa amesharudi katikati akiwapigia kelele warushe.

Njoo, dadangu.

Kaka yako,
Ayub